Daftari la Matetemeko ya Ardhi na Maneno Yake

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na dakika 27, ardhi ilitetemeka katika mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake zikabomoka. Mwanza, ng'ambo ya ziwa, mtikisiko ulisikika, lakini mji haukupatwa na msiba wa namna ile.

Magazeti mengine yalichapa 5.7, mengine 5.9. Msomaji aweza kudhani kuwa tofauti hiyo ni ndogo. Sivyo. Katika kipimo hiki kila namba nzima inayoongezeka ina nguvu takriban mara 32 ya ile iliyotangulia, hata sehemu mbili za kumi peke yake huifanya nguvu kuwa karibu maradufu. Tena vipimo vyenyewe ni vingi: kuna kile alichokitunga Richter mwaka 1935 kwa ajili ya California, kuna cha mawimbi yapitayo ndani ya ardhi, kuna cha yale yapitayo juu, na kuna cha momenti, ambacho ndicho kinachopendelewa sasa. Mtungaji wa daftari ni kama karani wa ghala aliyeletewa mahindi kwa pishi, kwa debe na kwa kilo. Hawezi kujumlisha cho chote kabla ya kuvigeuza vyote viwe kipimo kimoja.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Maneno "ukubwa" na "ukali" hutumiwa ovyo, kana kwamba ni mamoja. Tetemeko lina ukubwa mmoja tu, po pote linaposikika. Ukali wake hubadilika mahali kwa mahali, nao hupimwa kwa daraja 12 za Mercalli kwa kutazama mambo yaliyotokea: vyombo vimelia kabatini, ukuta umepasuka, nyumba imeanguka. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, linalokadiriwa kuwa la ukubwa wa 7.4 hivi, lilitokea wakati vyombo vya kupimia vilikuwa vichache duniani. Kwa matetemeko ya zamani kama hayo maneno ya mashahidi yana thamani kubwa, na ukali ukiandikwa mahali pa ukubwa, daftari limeharibika.

Saa nayo ina mtego wake. Saa tisa ya mzee wa Bukoba ni saa 15 ya ofisini, na ni saa 12 ya Greenwich. Karani asiye mwangalifu atalifanya tetemeko moja kuwa matatu. Vitetemeko vifuatavyo baada ya lile kubwa navyo hutengwa, maana hesabu za hatari huhitaji matukio yasiyotegemeana. Mhandisi apangaye nguzo za jengo la Mwanza huanzia katika hesabu hizo.

Lakini kurasa za kale ni tupu kwa sababu hapakuwa na mwandishi, wala si kwa sababu ardhi ilitulia. Huko California wataalamu hutazama mawe yaliyosimama kwa kuegemeana: kama hayakuanguka, mtikisiko mkali haukupita hapo tangu yaliposimama. Mwanza imejaa mawe ya namna hiyo. Hata hivyo yamekaa juu ya mwamba mgumu, nao hutikisika kidogo kuliko mchanga na tope la pwani ya ziwa. Kwa hiyo ushahidi wake hauwezi kuwafaa waliojenga huko bondeni.