Wingu Jekundu Kwenye Ramani Si Sumu Puani

Kila volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, mashariki mwa Kongo, zinapofuka sana, ramani zenye wingu jekundu huzagaa kwenye simu kutoka Goma hadi Kindu, na swali huwa lile lile: "Wingu la sumu litafika mji wa Kama, huku Maniema, saa ngapi?" Muulizaji anataka saa. Hakuna mtaalamu mwaminifu atakayempa, na anayempa anamdanganya.

Kosa linaanzia kwenye kuisoma ramani. Wengi wanaamini kwamba palipopakwa rangi nyekundu, watu wanavuta sumu. Sivyo hata kidogo. Chombo cha TROPOMI, kilichorushwa angani Oktoba 2017, hutazama chini na kujumlisha dioksidi ya salfa yote iliyopo kuanzia ardhini hadi juu kabisa, kisha hutoa namba moja kwa kila kipande cha kilomita kadhaa. Gesi iko kimo gani, namba hiyo haisemi.

Na kimo ndicho kila kitu. Kilele cha Nyiragongo kina mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kama uko bondeni, mbali huko kusini-magharibi, kilomita zipatazo 300. Moshi ukipita juu yake kwa umbali wa kilomita mbili, ramani itawaka nyekundu, ilhali mama anayepepeta mpunga uani havuti chochote cha volkano. Kinyume chake pia hutokea: mawingu mazito ya mvua huificha gesi iliyo chini yake, ramani ikabaki nyeupe, na watu wakajiona salama. Rangi yenyewe huchaguliwa na mchoraji. Akibadili kipimo, wingu jekundu linageuka la njano bila gesi kupungua hata chembe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 40 za dioksidi ya salfa kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na hiyo ni hewa inayoingia puani. Kukilinganisha kikomo hicho na ramani ya satelaiti ni upotoshaji, hata anayeisambaza akiwa na nia njema.

Kukisia wingu litakwenda wapi ni kazi nyingine, nayo ina mashaka yake. Kompyuta inahitaji kujua volkano imetoa tani ngapi, moshi umepanda hadi wapi, upepo unavuma vipi katika kila kimo, gesi inageuka salfeti kwa kasi gani, na mvua itaisafisha wapi. Makosa ya kila hatua huongezeka juu ya yaliyotangulia. Mvua moja ya radi ya alasiri juu ya msitu inaweza kuangusha salfa nyingi kabla haijafika Maniema, na hesabu zinazochukua kilomita 30 kama nukta moja haziioni mvua hiyo.

Mwaka 1994 Ulaya ilijaribu jambo hili kwa makusudi. Kilo 340 za gesi isiyo na madhara ziliachiwa huko Bretagne, Ufaransa, na vituo 168 katika nchi 17 vikaisubiri. Kiasi, mahali na saa vilijulikana, vipimo vya upepo vilijaa bara zima, na bado kompyuta za nchi mbalimbali zilitofautiana. Mashariki mwa Kongo vituo vya hali ya hewa ni vichache mno. Ndiyo maana jibu la kweli hutolewa kwa uwezekano: hesabu hurudiwa mara nyingi kwa upepo na vimo tofauti, kisha huhesabiwa ni ngapi zimeifikisha gesi Kama.

Mabati yaliyoshika kutu si ushahidi pia kwamba gesi ya volkano imefika. Mvua safi huwa na asidi kidogo, na moshi wa kuchoma mashamba huiongeza.

La kufanya ni haya. Mwenye pumu abaki ndani harufu ya kiberiti ikisikika, dawa yake ikiwa karibu. Maji ya mvua ya dakika za kwanza yamwagwe, ndipo yanayofuata yakingwe kwa pipa. Walio karibu na volkano, upande wa Rusayo na Sake, wadai maji yao yapimwe asidi na floridi. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Floridi hubaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kuhusu mlima wenyewe, isikilizwe taarifa ya Kituo cha Volkano cha Goma, na ramani isiyo na tarehe wala kipimo isitumwe kwa mtu mwingine.