Chombo Kisichoguswa na Mukono



Katika fizike ya darasa la sita tumefika kwenye mionzi-X, ile inayopiga picha ya mifupa kwenye hospitali. Kisha somo wengi waliuliza: ni kweli nyota nazo zinatoa mionzi hiyo? Na kama watu walituma chombo huko juu kuiangalia, siku kinaharibika ni nani anapanda kukitengeneza? Swali la pili ndilo linalonifanya niandike. Jibu lake ni fupi: hakuna anayepanda. Sasa tuone namna gani chombo kinaishi hivyo.

1. KWA NINI KUKIPELEKA JUU?

Gasi yenye joto la mamilioni ya digri inatoa mionzi-X. Lakini hewa inayozunguka dunia inaikamata yote mbele haijafika kwetu. Kwa miili yetu hiyo ni faida kubwa, kwa wachunguzi ni ukuta. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko Marekani. Ikakaa juu dakika chache tu, lakini ikaona chanzo cha kwanza cha mionzi-X mbali kuliko jua, kinachoitwa Scorpius X-1. Mwaka 2002 Giacconi alipewa zawadi ya Nobel.

Satelite ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, ndani ya bahari, karibu na Malindi huko Kenya. Siku ile Kenya ilikuwa inakumbuka uhuru wake, basi wakaiita Uhuru. Ndiyo kusema, jina la satelite ya kwanza ya kazi hii ni neno letu la Kiswahili.

2. DARUBINI CHANDRA

Tuchukue moja tunayoweza kuifuata vizuri. Darubini Chandra ilipelekwa na chombo Columbia tarehe 23 Julai 1999. Mkubwa wa safari ile alikuwa Eileen Collins, mwanamuke wa kwanza kuongoza safari ya namna hiyo. Jina linatoka kwa Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanafizike mzaliwa wa India, aliyepata Nobel mwaka 1983.

Kioo chake si sawa kioo cha kujitazama. Mionzi-X ikipiga kioo uso kwa uso, inaingia ndani na kupotea. Lakini ikija kwa kulala, inateleza na kuruka. Mumekwisha kuona mutoto anatupa jiwe bapa juu ya maji ya ziwa: akilitupa kutoka juu linazama, akilitupa kwa kulala linarukaruka. Kwa hiyo vioo vya Chandra viko sawa mapipa yasiyo na matako, moja ndani ya lingine, jozi 4, na ndani yamepakwa madini ya iridiumu.

3. MBALI KULIKO MUTU ANAWEZA KUFIKA

Darubini Hubble inazunguka karibu na dunia, kilometa 500 hivi. Ndiyo maana watu waliweza kupanda na kuitengeneza mara 5, toka 1993 mpaka 2009. Chandra haiko hivyo. Njia yake ni ndefu sawa yai: inakaribia dunia, kisha inakwenda mpaka kilometa karibu 139.000, zaidi ya theluthi moja ya njia ya kwenda mwezini. Muzunguko mumoja ni masaa 64 hivi.

Waliichagulia njia hiyo kwa sababu kuzunguka dunia kuna mikanda ya vipande vidogo vya umeme vyenye mbio kali, vinavyosumbua na kuharibu mashini. Chandra inakaa nje ya mikanda hiyo sehemu kubwa ya wakati wake. Lakini kila muzunguko inapashwa kupita ndani yake. Mwaka 1999, majuma machache tu kisha kurushwa, wakagundua kwamba kamera moja imeumia: vioo vile vile vinavyokusanya mionzi vilikuwa vinakusanya pia vipande hivyo na kuvielekeza kwenye kamera. Kupanda kuibadilisha, hapana. Wakaweka amri: kila mara mbele ya kuingia mkanda, kamera isogezwe pembeni. Sehemu iliyoumia haikupona kabisa, lakini uharibifu ule haukuendelea kwa mbio ile.

4. KAZI YA KILA JUMA

Wachungaji wa Chandra wanakaa Massachusetts, Marekani. Wanapanga amri za juma zima: kuangalia wapi, muda gani, kugeuka lini. Watu mbalimbali wanazisoma na kuzipima mbele hazijatumwa. Zinapita kwa anteni kubwa za Goldstone (Marekani), Madrid (Hispania) na Canberra (Australia). Kila masaa 8 hivi wanaongea nayo. Inawarudishia picha na hali ya mwili wake: joto, umeme, mwendo.

Joto ndilo linawapa kazi nyingi. Blanketi linaloifunika limechakaa kwa jua la miaka mingi, na vyombo vinapata moto upesi kuliko zamani. Basi hawaiache upande mumoja muda mrefu. Wanaigeuza sawa mutu anayegeuza muhindi kwenye makaa. Na Oktoba 2018 kifaa kimoja cha kupima mugeuko kilitoa hesabu mbaya kwa sekunde 3. Chandra yenyewe ikasimamisha kazi na kungoja wakubwa wake. Wakachunguza, wakapanga upya, na mwezi ule ule ikarudi kazini.

5. AMRI MOJA MBAYA

Japani ilirusha darubini Hitomi tarehe 17 Februari 2016. Tarehe 26 Machi ikadhani kwamba inazunguka, kumbe ilikuwa imetulia. Ikatumia gurudumu lake la ndani kuzuia muzunguko ambao haukuwako, na hapo ndipo ikaanza kuzunguka kweli. Ikajaribu kujiokoa kwa moteri zake ndogo. Lakini hesabu za moteri hizo zilizotumwa kutoka chini zilikuwa mbaya, na hazikupimwa vya kutosha. Moteri zikaongeza muzunguko pahali pa kuupunguza. Mabawa yake ya umeme yakakatika. Tarehe 28 Aprili wakaacha kuitafuta. Kazi ya miaka mingi ikaisha, bila jiwe kuipiga, bila adui.

Chandra ilitengenezwa kwa miaka 5. Mwaka 2024 ilitimiza 25 ikiwa bado kazini, hata kama mwaka ule NASA ilipendekeza kupunguza sana pesa yake, na wachunguzi wengi wakakataa.

Wandugu, tuangalie vizuri: kilichoitunza Chandra si fundi mwenye nguvu. Ni watu wanaosoma amri mbele ya kuituma, na wanaoandika kila badiliko, hata la digri moja. Sisi hapa tuko na mikroskopi na mizani ya labo ambayo tunaigusa kwa mukono. Daftari yake iko juu ya meza. Mutu akiona kitu hakiendi sawa, aandike siku ile ile, asingoje kitu kivunjike. Anayekuja kisha yeye asome kwanza, ndipo aguse.

Prefe wa wanafunzi, darasa la sita