Maduka ya Mji wa Zamani Tabora: Kwa Nini Yanazihusu Sharika Zetu

Katika toleo hili tumeona ni vema kueleza jambo ambalo kamati za sharika hukutana nalo kila mwezi bila kulitafakari: mahali tunaponunua vitu vyetu. Bati za paa la nyumba ya mwinjilisti, rangi za shule ya awali, kitambaa cha sare za kwaya, madaftari, misumari na vyombo vya jikoni kwa ajili ya semina, vyote hununuliwa mahali fulani na kwa mtu fulani. Wakati huo huo tunasikitika kuona maduka ya mitaa ya kati ya Tabora yakidhoofika mwaka hadi mwaka. Mambo haya mawili yana uhusiano, na kamati ya usharika ina nafasi katika yote mawili.

MJI ULIOANZA KAMA KITUO

Tabora haikuzaliwa na bandari wala mgodi. Ilizaliwa kwa sababu watu walisimama hapa. Wanyamwezi walikuwa wakisafiri kwenda pwani na bidhaa zao tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye wafanyabiashara wa Kiarabu, Waswahili na Wahindi waliifuata njia hiyo hiyo kutoka Bagamoyo na kujenga makazi Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh. Burton na Speke walifika Novemba 1857, baada ya zaidi ya siku 130 kutoka pwani. Walikuta nyumba za tembe, bustani na maghala. Mmoja wa wafanyabiashara mashuhuri wa Kazeh wakati huo alikuwa Musa Mzuri, mwenye asili ya India.

Misafara iliyotoka pwani ilifika hapa imechoka. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na walipofika kwao mkataba wao uliisha. Hivyo msafara ulilazimika kukaa wiki au miezi ili kupata wapagazi wapya, chakula, na bidhaa za kubadilishana huko mbele. Bidhaa hizo zilikuwa shanga, nyaya za shaba, kaniki kutoka India, na merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta hadi Zanzibar. Jina lake linaonyesha kilikotoka. Ndugu zetu wa Marekani wanaosoma jarida hili wajue kwamba nguo ya kwao ilikuwa kama fedha katika soko la Tabora zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Hatuwezi kuieleza historia hii bila kusema ukweli wake mchungu. Njia iliyobeba nguo na pembe za ndovu ilibeba pia watumwa, na utajiri wa mji ulichanganyika na machozi yao. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO orodha ya vituo sita vya njia hiyo ili vifikiriwe kuwa Urithi wa Dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara, alikokaa David Livingstone hadi Agosti 1872, ni hapa kwetu, kilomita chache kutoka katikati ya mji.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Msafara wa miguu ukafa, lakini kituo kikabaki, kwa kuwa abiria na mizigo ya njia hizi viliendelea kukutana Tabora. Maduka ya mitaa ya kati yakakua kati ya stesheni na soko. Msemo wetu wa zamani, mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo historia ya uchumi wa mji huu kwa maneno manne. Mwenyeji hupona mgeni anaposimama. Akipita tu, hapati kitu.

DUKA LA ZAMANI LINAFANYA KAZI GANI?

Msomaji anaweza kuuliza: duka likifungwa na jingine likafunguliwa pembezoni mwa mji, kuna hasara gani? Tunaona hasara za aina tatu.

Kwanza, mkopo. Mkulima wa tumbaku wa Sikonge, Uyui au Urambo hupata fedha zake mara moja kwa mwaka, baada ya mauzo. Miezi ya kilimo anahitaji jembe, sabuni, chumvi na sare za watoto. Mwenye duka anayemfahamu humwandika kwenye daftari na kumsubiri. Hakuna benki inayotoa mkopo wa mche wa sabuni. Duka jipya linaloendeshwa na kijana wa kuajiriwa, ambaye hamfahamu mtu, haliwezi kufanya hivyo.

Pili, ajira zinazolizunguka duka. Kwenye baraza la duka la vitambaa hukaa mafundi cherehani. Mlangoni yupo mwenye mkokoteni, na jirani yupo mama lishe. Mteja anayenunua mita nne za kitambaa huacha fedha kwa watu watatu au wanne kabla hajaondoka mtaani. Duka likifungwa, wote hao hupoteza mahali pa kukutana na mteja.

Tatu, majengo yenyewe. Jengo lenye mpangaji huzibwa paa linapovuja. Jengo tupu huingiwa na maji, na baada ya masika machache hubaki kuta. Hakuna makumbusho yanayoweza kutunza mtaa mzima. Mtaa hutunzwa na biashara zilizomo ndani yake.

KWA NINI YANADHOOFIKA

Sababu ya kwanza ni ya zamani, nayo ni umiliki. Mwaka 1971 sheria iliiwezesha Serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi ya majengo hayo nchini yalikuwa ya maduka na nyumba katika mitaa ya kati ya miji. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mengine yamebaki mikononi mwa familia, na warithi wake wametawanyika Dar es Salaam na nje ya nchi. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka mara nyingi si mwenye jengo. Asiye na uhakika wa kukaa miaka mitano hawezi kununua bati jipya kwa ajili ya paa la mtu mwingine.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika, kabla ya operesheni hiyo kusitishwa muda mfupi baadaye. Ukaja upungufu wa bidhaa baada ya vita vya Kagera, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Mlango wa biashara ulianza kufunguliwa tena mwaka 1984. Familia zilizopita katika vipindi hivyo zilijifunza kutoweka mtaji wao wote mahali pamoja panapoonekana.

Sababu ya tatu ni njia. Katika miaka ya karibuni lami imeiunganisha Tabora na Nzega, na Manyoni kupitia Itigi, na Mpanda. Tunamshukuru Mungu kwa barabara hizi, maana zimeokoa maisha ya wagonjwa na mazao ya wakulima. Hata hivyo, barabara nzuri huwarahisishia watu kuja, na pia huwarahisishia kupita. Mkataba wa reli ya kisasa ya SGR, kipande cha Makutupora hadi Tabora, ulisainiwa Desemba 2021. Treni ya mwendo kasi itafupisha safari ya kwenda Dar es Salaam, na kishawishi cha kununua kila kitu Kariakoo kitaongezeka.

Tusidhani kwamba tatizo ni uchache wa watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 226,999 katika Manispaa ya Tabora, na ya mwaka 2022 ilihesabu 308,741. Wateja wapo na wanaongezeka. Swali ni wananunua wapi.

SOMO KUTOKA MIJI MIDOGO YA MAREKANI

Tatizo hili si la Tabora peke yake. Baadhi ya marafiki zetu wa Marekani wanatoka katika miji midogo ambayo maduka yake ya kati yalifungwa pale barabara kuu na maduka makubwa ya pembezoni yalipowavuta wateja. Mwaka 1977 shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria la nchi hiyo lilianza jaribio katika miji mitatu: Galesburg, Madison na Hot Springs. Hawakuanza kwa kumwaga fedha nyingi. Walifanya kazi nne kwa pamoja: kuwaunganisha watu wa mtaa, kutunza sura ya majengo, kuutangaza mtaa, na kuimarisha biashara zenyewe. Walijifunza kwamba kazi moja peke yake haitoshi. Ukipaka rangi ukuta wa duka ambalo halina mteja, umepamba tu.

Kuna tahadhari moja iliyo karibu nasi zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na watalii wameleta kipato kikubwa. Lakini maduka mengi ya huko sasa humuuzia mgeni kinyago na kitenge cha ukumbusho. Tabora haina watalii wa kiasi hicho. Duka la hapa litaishi kwa sabuni, bati na sare za shule, kwa hiyo mteja wake wa kwanza ni mkazi, na usharika ni mkazi mkubwa.

TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano, bei zake ni za kuelezea tu. Usharika unahitaji bati 60. Tabora bati moja ni shilingi 32,000, jumla 1,920,000. Dar es Salaam ni 28,500, jumla 1,710,000. Kamati inaona imeokoa 210,000. Lakini mjumbe atakwenda kilomita zipatazo 840 kwa reli. Nauli ya kwenda na kurudi 110,000, malazi na chakula kwa siku tatu 120,000, usafirishaji wa mzigo 90,000, jumla 320,000. Bati za "bei nafuu" zimegharimu 2,030,000, yaani 110,000 zaidi. Na bati moja likifika limetoboka, hakuna wa kulibadilisha.

Tusijidanganye. Sehemu kubwa ya bei ya bati hurudi kiwandani popote tutakaponunua, na mzigo ukiwa mkubwa, kama bati za kanisa zima, hesabu inaweza kugeuka. Hapo sharika mbili au tatu zinaweza kuunganisha mahitaji yao na kuagiza kupitia mfanyabiashara wa jumla wa Tabora, ili apate bei ya mzigo mkubwa na faida ibaki hapa. Kwa sare za kwaya hesabu ni nzuri zaidi, kwa kuwa ujira wa ushonaji wote hubaki barazani.

KAMATI YA USHARIKA IFANYE NINI?

1. Andikeni manunuzi yote ya mwaka uliopita: kitu, kiasi, bei na mahali. Bila orodha hii hakuna mjadala wa maana.

2. Mnapokusanya profoma tatu, angalau moja itoke katika maduka ya mitaa ya kati, na mlinganishe gharama yote hadi kitu kufika usharikani.

3. Lipeni kwa wakati. Taasisi, zikiwemo za dini, ni wateja wakubwa lakini mara nyingine ni walipaji wazito. Deni la miezi mitatu ambalo usharika hauhisi linaweza kumaliza mtaji wa duka dogo.

4. Wahimizeni wenye maduka walio waumini na majirani zenu wawe na leseni ya Halmashauri, TIN ya mlipakodi, na risiti za EFD pale sheria inapowataka. Wengi hukosa kazi za miradi kwa kukosa karatasi, si kwa kukosa bidhaa.

5. Wakumbusheni kuwa na mkataba wa pango wa maandishi, unaosema wazi nani anatengeneza paa na kama gharama itakatwa kwenye kodi. Karatasi hiyo moja inaweza kuokoa jengo.

6. Shirikianeni na misikiti, makanisa mengine na viongozi wa mtaa kuzibua mitaro kabla ya mvua za Novemba. Maji hayaulizi dini ya mwenye ukuta.

KWA WAHISANI WETU

Tunawaomba mambo mawili. Kwanza, mnapopitisha bajeti, ruhusuni manunuzi ya Tabora hata pale bei ya kitu kimoja inapozidi kidogo ile ya Dar es Salaam, mradi gharama yote imelinganishwa na risiti zipo. Pili, kabla ya kujaza kontena, tuulizeni kitu hicho kinauzwa mjini kwetu au la. Madaftari elfu moja ya zawadi huwafurahisha watoto siku moja, lakini yule aliyeagiza madaftari kwa ajili ya msimu wa shule hubaki nayo rafuni. Fedha ya madaftari hayo hayo, ikinunuliwa hapa, huwafikia watoto na kumwacha muuzaji akiwa na nguvu ya kuagiza tena.

Tunaziomba kamati zote zilete orodha zao za manunuzi katika ofisi ya miradi kabla ya mwisho wa robo hii, ili tuone ni vitu gani sharika zinaweza kuagiza kwa pamoja. Tunawatakia kazi njema.