MWALIMU ANAPOSAFIRI: ABEBE NINI, AACHE NINI?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, kila mwaka hatukosi kusikia kuwa kijana fulani wa mitaa yetu amepata kazi ya kufundisha nchi ya nje, hasa Oman au Falme za Kiarabu. Ni neema kubwa. Lakini viza ikishatoka na tiketi ikishakatwa, nyumba nzima hujaa ushauri. Mama anasema beba hiki, shangazi anasema usisahau kile, na jirani naye anakuja na kifurushi chake. Begi ni moja, na mizani ya uwanja wa ndege haimwonei mtu haya. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuamua kipi kiingie na kipi kibaki. Inshaallah yatawafaa wanafunzi wetu wenye nia ya ualimu, na wazazi watakaowafungia mizigo.

JE, KUJIANDAA NI KUKOSA TAWAKKUL?

Wapo wanaodhani kwamba mtu mwenye imani hana haja ya kuhangaika na maandalizi. Dhana hii si sahihi. Katika Suratul Baqara, aya ya 197, Allah (S.W.) anawaamrisha mahujaji wachukue masurufu ya safari, kisha anawakumbusha kuwa masurufu yaliyo bora kuliko yote ni uchamungu. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza sababu yake: watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya chochote wakidai kuwa wanamtegemea Mwenyezi Mungu, na wakifika Makka huwaomba watu. Kwa hiyo aya moja imekusanya mambo mawili: masurufu ya begi na masurufu ya moyo. Tutayazungumza yote mawili.

MWALIMU WA KWANZA KUTUMWA MJI WA MBALI

Kabla ya Hijra, katika mwaka 621, watu wa Yathrib walipofunga ahadi ya kwanza ya Aqaba, Mtume (S.A.W.) aliwapelekea mwalimu. Naye ni Mus'ab bin Umair (R.A.). Kijana huyu alikulia katika nyumba ya kitajiri, na Makka nzima ilimjua kwa nguo nzuri na manukato. Aliposilimu aliyakosa yote hayo. Yathrib alifikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara (R.A.), akawa anasomesha Qur'ani nyumba kwa nyumba. Kwa sababu yake walisilimu viongozi kama Usayd bin Hudhayr na Sa'd bin Mu'adh (R.A.). Mwaka uliofuata, zaidi ya watu 70 wa mji ule walikuja Aqaba kufunga ahadi ya pili.

Mus'ab aliuawa shahidi Uhud. Alipotaka kukafiniwa, kilikuwepo kitambaa kimoja tu: kikifunika kichwa, miguu inabaki wazi, na kikifunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Mtume (S.A.W.) akaamrisha kichwa kifunikwe na miguuni kuwekwe majani ya idhkhir. Hatusemi kwamba mwalimu wa leo asafiri mikono mitupu. Tunachotaka wanafunzi wakione ni kwamba watu wa Yathrib walinufaika na kile alichokuwa nacho kifuani na katika tabia yake. Nguo zake za Makka hazikuwa na kazi kule.

MASWALI MATATU YA KILA KITU

Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la kilo 23, na mengine hutoa zaidi. Tazama tiketi yako, kwani kila shirika lina masharti yake. Begi moja lisizidi kilo 32 hata ukilipia, kwa sababu wapagazi hawaruhusiwi kunyanyua zaidi ya hapo. Basi kila kitu kabla hakijaingia, kiulizwe maswali haya:

1. Je, kule hakipatikani, au kinapatikana kwa bei nisiyoiweza?
2. Je, nitakihitaji katika mwezi wa kwanza, kabla ya mshahara?
3. Je, nikiulizwa, ninaweza kukijibia?

Swali la kwanza litatoa sabuni, mchele, sukari na mashuka mengi, kwani Muscat na Dubai maduka yamejaa. La pili litatoa vile vya “huenda siku moja nikahitaji”. La tatu ndilo zito kuliko yote, na tutalirudia.

VINAVYOKAA MKONONI

Begi kubwa linaweza kuchelewa au kupotea. Kwa hiyo vitu ambavyo bila ya hivyo hakuna kazi, vikae katika mkoba wako wa mkononi:

(a) Pasipoti yenye muda usiopungua miezi 6, viza na tiketi.

(b) Vyeti halisi vya masomo na barua za kazi. Nchi za Ghuba hutaka vyeti vithibitishwe: kwanza na mamlaka za elimu za kwetu, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, basi usiingoje siku ya safari. Kutoka ugenini ni vigumu mno kuikamilisha.

(c) Mkataba wa kazi uliousoma na kuuelewa. Nakala moja iachie nyumbani kwa mtu unayemwamini, pamoja na nakala ya pasipoti. Jua pia kwamba katika Falme za Kiarabu sheria inamkataza mwajiri kukushikilia pasipoti yako.

(d) Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo hii inahesabiwa kuwa ni ya maisha, haihitaji kurudiwa kila miaka 10.

(e) Dawa unazotumia kila siku, zikiwa katika pakiti zake na karatasi ya daktari.

(f) Fedha za kujikimu mwezi mzima. Riyali moja ya Oman ina baisa 1,000 na thamani yake ni kama dola 2.60 za Marekani, basi usidanganyike na udogo wa tarakimu za bei.

Pawabenki nayo lazima iwe mkononi, hairuhusiwi katika begi la chini. Kwa kawaida inayopita bila ya ruhusa maalumu ni ile isiyozidi wati-saa 100. Manukato, mafuta na vimiminika vingine vya mkononi visizidi mililita 100 kwa kila chupa. Chaja usihangaike nazo: plagi ya pini tatu za bapa tunayoitumia kwetu ndiyo inayotumika Oman na Falme za Kiarabu, na umeme wake unafanana na wetu.

NGUO: ULIZA MJI, USIULIZE NCHI TU

Wengi husikia “Uarabuni” wakafikiri ni joto tu. Ni kweli kwamba Muscat na Dubai kati ya Juni na Agosti joto hupita nyuzi 40, na mwaka wa masomo huanza wakati joto bado ni kali. Lakini ndani ya madarasa na mabasi viyoyozi hufanya baridi, na sweta moja jepesi halikosi kazi. Mwalimu aliyepangiwa Salalah, kusini mwa Oman, atakuta msimu wa kharif, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, wenye ukungu na manyunyu. Na yule wa milima ya Jabal Akhdar atakutana na baridi inayoweza kugandisha maji wakati wa kipupwe. Kwa hiyo kwanza jua umepangiwa mji gani.

Nguo za kazi zenye heshima za kutosha wiki moja zinatosha kuanzia. Kanzu na kofia mbebe, japokuwa Oman utaona dishdasha na kumma vinavyofanana na vyetu. Dada zetu wabebe baibui na mitandio waliyoizoea. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvivaa, kwani mwalimu husimama kutwa. Na kanga mbili tatu zisikosekane: ni shuka, ni pazia, ni zawadi ya kumpa mwenyeji wako.

ZANA ZA MWALIMU

Hapa ndipo wengi wanapobana ili wapate nafasi ya achari na visheti. Mwalimu achukue maandalio ya masomo aliyoyajaribu, mitihani yake ya zamani na maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake. Yote hayo ayapige picha au ayahifadhi katika flashi, ili yasile kilo. Vitabu vizito vya kiada aviache, shule itampa vyake. Msahafu aliouzoea, mswala mwepesi na mswaki vina nafasi yake. Shajara ndogo ya kuandikia majina ya wanafunzi wapya haina uzito, na mwalimu anayemwita mtoto kwa jina lake katika wiki ya kwanza amepata nusu ya darasa.

Lugha pia ni zana. Zipo familia nyingi Oman zenye asili ya Zanzibar zinazosema Kiswahili mpaka leo. Hata Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1912 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alimalizia umri wake Muscat, akafariki huko mwaka 1982. Njia hii ya walimu baina ya pwani zetu na Oman ni ya zamani. Mwenye kuipita leo ajue kuwa anabeba pia jina la waliotangulia.

VYA KUACHWA NYUMBANI

Sasa turudi katika swali la tatu. Miraa ni marufuku katika Oman na Falme za Kiarabu. Baadhi ya dawa za maumivu na za usingizi, kama zenye kodeini au tramado, huhesabiwa kule miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, na kuingia nazo bila ya kibali ni kosa. Hirizi, unga usiojulikana na vichupa vya waganga navyo viachwe. Sheria ya Falme za Kiarabu inakataza vifaa vya uchawi, na sisi tunasema kwamba kinga ya msafiri ni dua zake na adhkari za asubuhi na jioni. Bibi anayetia kitu katika begi la mjukuu kwa mapenzi, na asimwambie, anaweza kumponza asipodhani.

Kubwa zaidi ni vifurushi vya watu. Sisi watu wa pwani tunaona aibu kukataa salamu za jirani. Lakini forodha haimjui jirani, inamjua yule aliyeshika begi. Adhabu za dawa za kulevya katika nchi za Ghuba ni nzito, na kwa wafanyabiashara wake hufika kifungo cha maisha au kifo. Mtu kusema “nilipewa, sikujua kilichomo” si lazima kumwokoe. Basi mwenye kuleta kifurushi aambiwe kwa adabu: “Shikamoo mama, nitakibeba kwa furaha, lakini naomba tukifungue pamoja nikione.” Mwenye nia safi hatakasirika. Akikataa kifunguliwe, nawe kataa kukibeba, hata kama ni mtu wa karibu. Na wazazi wamuunge mkono kijana wao katika hili, wasimwambie kuwa anawatia aibu. Aibu ya kumkatalia jirani itapita kwa siku mbili. Kijana akifungwa ugenini, nyumba nzima imefungwa.

MZIGO USIOPIMWA KWENYE MIZANI

Imamu Ghazali katika Ihya ameweka kitabu kizima cha adabu za safari. Jambo la mwanzo analolitaja ni kurejesha haki za watu, kulipa madeni, kuwaandalia masurufu wale wanaokutegemea na kurudisha amana. Tazama Mtume wetu (S.A.W.): usiku alioondoka Makka huku maadui wakitaka kumuua, alimwacha Ali (R.A.) nyuma ili awarejeshee watu amana zao, na baadhi ya wenye amana ni hao hao waliomfukuza.

Kwa hiyo, ewe mwalimu mtarajiwa, kabla hujafunga zipu, jiulize: Nani ananidai, na ameandikiwa? Mke na watoto watakula nini mpaka mshahara wa kwanza utakapofika? Wazazi wameridhia? Wasia wangu uko wapi? Na darasa langu la madrasa, watoto waliofika nusu ya Juzuu Amma, nimemkabidhi nani? Mtu anayekwenda kufundisha watoto wa mbali asiwaache wa nyumbani katikati ya sura bila ya mwalimu. Mambo haya hayana kilo, lakini asiyeyatengeneza huyabeba kifuani kila usiku. Ndiyo yanayomfanya mtu avunje mkataba kabla ya muda wake.

Nanyi wanafunzi mliobaki madarasani, msidhani kwamba makala haya ni ya wakubwa tu. Begi la mwalimu hufungwa kwa siku mbili, lakini kile watu watakachokitafuta kwake hukusanywa kuanzia sasa: hifadhi ya Qur'ani, hesabu sahihi, lugha safi, ukweli na subira. Hivyo hakuna forodha inayovizuia, wala duka la Muscat linaloviuza.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi walimu wetu wote walio safarini, awarejeshe kwa salama kwa wazazi na watoto wao, na aijaalie elimu yao iwe hoja ya kuwatetea Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi Tawfiiq.