Nguvu za Misuli: Tusisingizie Uzee Peke Yake

Ndugu mfanyakazi, ukipanda kilima cha Kibagabaga asubuhi utawakuta waashi na vibarua wakibeba matofali kwenye majumba yanayojengwa, na walinzi waliokaa langoni usiku kucha wakirejea kwao. Si ajabu kumwona mlinzi wa miaka 45 akihema kilimani kuliko mwashi wa miaka 50. Kwa nini?

Msuli umejengwa kwa seli, na ndani ya seli mna vinu vidogo mno viitwavyo mitokondria. Vinu hivi huchoma sukari na mafuta ya chakula kwa oksijeni tunayovuta, vikatoa nishati katika kemikali iitwayo ATP. Akiba ya ATP msulini hutosha sekunde chache tu za kazi nzito. Kwa hiyo vinu hivyo havina likizo.

Ni kweli kwamba umri hupunguza nguvu. Baada ya miaka 30 mtu hupoteza kadiri ya asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huzidi. Mitokondria nazo huzorota. Lakini kukaa bila kujongea huharakisha hasara hiyo. Mwaka 1967 mtaalamu John Holloszy wa Marekani alionyesha kwamba panya waliozoezwa kukimbia waliongeza uwezo wa mitokondria zao kama mara mbili. Mwaka 1990, mjini Boston, wazee dhaifu wa miaka 90 hivi walizoezwa kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao zilizidi maradufu.

Hii haina maana kwamba mzigo usio na kipimo ni dawa. Msuli hujijenga wakati wa mapumziko, kwa chakula chenye protini kama maharage, mayai na dagaa.

Tena, unyonge mwingine ni ugonjwa. Kisukari huvuruga matumizi ya sukari msulini. Hata dawa yaweza kudhuru: stavudini, iliyotumiwa sana dhidi ya UKIMWI, iliharibu mitokondria, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe. Anayetumia dawa yoyote asiiache mwenyewe, amwone daktari.

Basi mwenzetu akianza kuishiwa nguvu, asiambiwe tu kwamba amezeeka, akaachishwa kazi. Apimwe kwanza; Hospitali ya Kibagabaga iko papo hapo kilimani. Wajenzi wadai saa ya kupumzika, chakula cha mchana na kugawana mizigo. Walinzi wapewe nafasi ya kuzunguka kwa miguu. Nasi sote tuitumie Siku Bila Magari, iliyoanzishwa Kigali mwaka 2016, kutembea na kupimwa afya.

Nguvu ndiyo mali ya mfanyakazi. Tuilinde kama tunavyoulinda mshahara.