Kushoto Apiga Hodi

Haya wanangu, sogeeni. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, bondia ana mkono wa kulia wenye nguvu. Mbona anatangulia kupiga kwa ule wa kushoto?" Hongera, umeangalia vizuri! Tumwulize Kushoto mwenyewe.

"Mimi ni Kushoto," akajibu. "Bondia anayetumia zaidi mkono wa kulia huniweka mbele. Ngumi yangu ya kunyooka wanaiita jebu. Kazi yangu ni kupiga hodi. Kulia ndiye mgeni mwenye mzigo. Je, mgeni huvamia tu mlango? Mimi hugonga kwanza, nijue mwenye nyumba yuko umbali gani. Nyooka, gusa, rudi!"

"Unagongaje, Kushoto?"

"Natokea pale pale nilipo. Nikijivuta nyuma kwanza, nimeshamwambia nakuja. Kiwiko sikipanui nje. Mguu wa mbele unapiga hatua ndogo pamoja nami. Mwishoni najigeuza, kiganja kinatazama chini, na bega linapanda kukinga kidevu. Nyooka, gusa, rudi!"

"Mbona unarudi mbio?"

"Wewe ukishagonga, unauacha mkono mlangoni? Nikizubaa, au nikirudia kiunoni, uso wa bondia unabaki wazi. Basi narudi kwa njia ile ile, hadi usawa wa shavu. Kulia naye habanduki shavuni mpaka zamu yake ifike."

"Mjomba, yuko aliyepata ubingwa kwa hodi hiyo?"

Yuko! Larry Holmes wa Marekani. Ujanani alikuwa mwenzi wa mazoezi wa Muhammad Ali. Mwaka 1978 alimshinda Ken Norton baada ya raundi 15, akawa bingwa wa uzito wa juu. Mwaka 1980 akakutana na Ali mwenyewe ulingoni. Baada ya raundi ya 10, kona ya Ali ikasimamisha pambano. Holmes hakuvuliwa ubingwa hadi 1985. Na silaha yake kuu? Kushoto!

"Hata mimi naweza?"

Unaweza, mwanangu. Simama mbele ya kioo, si mbele ya mdogo wako. Anza polepole. Nyooka, gusa, rudi. Kiwiko kikichomoza nje, acha, anza upya. Usiikimbilie kasi, ngumi ikishanyooka, kasi itaifuata. Kisha mtafute kocha. Kioo kitakuonyesha kosa, lakini dawa yake anaijua kocha.