Kukesha Katika Kuomba Wakati wa Dhiki

  

Fungu letu limetoka katika Waraka wa Mtume Paulo kwa Wakolosai, sura ya 4, mstari wa 2. Hapo Paulo anawaagiza Wakristo mambo matatu: wadumu katika kuomba, wakeshe katika kuomba huko, tena wawe watu wa shukrani. Naye hakuyaandika hayo akiwa amestarehe. Usomapo mstari unaofuata utaona ya kuwa alikuwa kifungoni, na mwishoni mwa waraka anawaomba wasiisahau minyororo yake. Basi mwalimu wetu wa leo anaijua dhiki kwa mwili wake mwenyewe.

Neno kudumu twalielewa, na neno kushukuru twalielewa. Lakini kukesha ni nini? Wengi wetu tukilisikia neno hilo twafikiri mara moja juu ya kesha la Ijumaa: nyimbo na ngoma, mahubiri mawili matatu, chai ya usiku wa manane, na kurudi nyumbani alfajiri. Makesha ni mema, na wengi tumebarikiwa humo. Lakini kesha huisha kukicha, na dhiki haina desturi ya kuisha kukicha. Njaa hukaa miezi. Ugonjwa hukaa miaka. Mtoto aliyepotelea mjini aweza kukaa miaka kumi bila hata kumpigia mama yake simu. Je, twawezaje kukesha katika kuomba wakati taabu ni ndefu kuliko nguvu zetu? Natutazame mambo manne.

Jambo la kwanza: kukesha ni kushika zamu. Siku za Bwana wetu, Warumi waligawanya usiku katika zamu nne, na kila zamu ilikuwa kama saa tatu hivi. Yesu mwenyewe anazitaja zote nne katika Marko 13:35, tangu ile ya jioni mpaka ile ya kuelekea asubuhi. Sasa angalieni jambo hili. Mlinzi wa zamu hakudaiwa kuulinda usiku wote peke yake. Alidaiwa kuwa macho katika saa zake, kisha amwamshe mwenzake.

Wakristo wengi huchoka katika kuomba kwa sababu wamejitwika usiku mzima. Mama anasema moyoni, nisipoomba mimi, nyumba hii itaanguka. Mchungaji anasema, nisipokesha mimi, kundi litatawanyika. La, mpendwa. Mungu wa Israeli ndiye asiyesinzia. Wewe umepewa zamu tu. Dakika kumi kabla ya kwenda mtoni, ukiwa macho mbele za Bwana, ni zamu iliyoshikwa vema. Tena kumbukeni ya kuwa ni katika zamu ya nne, baada ya wanafunzi kupambana na upepo usiku kucha, ndipo Bwana aliwajia akitembea juu ya bahari. Habari hiyo imo katika Mathayo 14. Hakuja zamu ya kwanza waliyomhitaji. Lakini alikuja, nao walikuwa wangali wakivuta makasia.

Jambo la pili: kukesha ni kupigana na usingizi wa huzuni. Twaijua sana habari ya Gethsemane, jinsi Bwana alivyoomba na wanafunzi wakalala. Wahubiri wengi tumewalaumu Petro na wenzake kuwa walikuwa wavivu. Lakini Mtakatifu Luka, katika sura ya 22, mstari wa 45, ametaja sababu ambayo huenda tumeipita haraka. Asema walilala kwa ajili ya huzuni.

Kumbe huzuni nayo hulaza watu! Tena mara nyingi hulaza kuliko raha. Mtu aliyefiwa na mkewe haachi kuomba kwa sababu amemkana Mungu. Anaacha kwa sababu kila akipiga magoti maneno hayaji, na moyo wataka kulala tu. Mkulima aliyepanda mara tatu na mbegu zikaungua mara tatu, hatangazi ya kuwa Mungu hayupo. Anaketi nyuma kabisa kanisani, kisha siku nyingine haji. Shetani hahitaji kutufanya tuwe wapagani, yatosha tukisinzia.

Na dawa yake ni ipi? Angalieni Bwana alivyofanya mwenyewe. Roho yake ilipojaa huzuni kiasi cha kufa, aliwaomba rafiki zake watatu wakae hapo na kukesha pamoja naye. Mwana wa Mungu hakuona haya kuomba wenzake! Basi wewe unayesema, shida yangu ni ya nyumbani kwangu, nitaomba peke yangu nikifunga mlango, je, una nguvu kuliko Bwana? Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja kikiachwa peke yake huzimika, hata kikiwa cha mti mzuri.

Jambo la tatu: kukesha ni kuomba huku macho yamefunguka. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 4, mstari wa 9, Wayahudi waliokuwa wakiujenga ukuta wa Yerusalemu walitishwa na adui. Walifanya nini? Walimwomba Mungu, tena wakaweka walinzi mchana na usiku. Hawakuona ya kuwa walinzi ni dalili ya kukosa imani, wala hawakuona ya kuwa maombi yatosha bila walinzi. Maombi na ulinzi vilikwenda pamoja kama magurudumu mawili ya mkokoteni.

Hapa hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwishoni mwa mwaka 2022, sehemu nyingi kavu za nchi yetu zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Wakati huo tulikuwa tukitumikia katika parokia moja ya bondeni, huko Taita. Kila Alhamisi tulikutana kanisani kuomba mvua. Mwanzo tulikuwa watu kama arobaini. Msimu wa tatu ulipopita, tulibaki tisa. Na sisi tuliokuwa tukiongoza, twasema kweli, tulianza kuomba kama mtu asomaye orodha ya duka. Tuliwaombea wenye njaa wote wa dunia, tukasema amina, tukaenda zetu.

Katika wale tisa kulikuwa na nyanya mmoja mjane. Asubuhi moja alikuja nyumbani kabla jua halijapanda, akabisha mlango. Tukamkaribisha ndani, akakataa kuketi. Akasema, “Mwanangu mchungaji, nyumba ile ya chini ya mkwaju haikutoa moshi jana. Na leo haikutoa.”

Tukamwuliza amejuaje. Akasema kila alfajiri huketi mlangoni pake na kutazama mioshi ya majirani. Kila jiko likitoa moshi, humshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba hiyo na kuwataja watu wake kwa majina. Hiyo ndiyo iliyokuwa sala yake ya asubuhi, nasi hatukuijua.

Tulikwenda. Tulimkuta mama na watoto wake watatu, mafiga ni baridi, na mtoto mdogo hana nguvu hata ya kulia. Baba alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kibarua, na hakuna habari iliyotoka kwake. Yule mama alifunga mlango kwa aibu. Lakini neno lililotuchoma ni hili: Alhamisi iliyotangulia alikuwa kanisani, benchi la pili. Tulikuwa tumewaombea wenye njaa wa dunia nzima juu ya kichwa chake, wala hatukumwona.

Mtoto alichukuliwa zahanati siku ile ile, na kwa rehema za Mungu akapona. Jumapili tuliwaambia washiriki habari hiyo bila kutaja nyumba, tukawaomba kila mwenye kitu alete kibaba cha unga. Wengi hawakuwa na kitu, lakini vibaba vilipatikana. Kisha tukagawanya kijiji kwa zamu. Kila aliyekuja kwenye maombi alipewa nyumba tano za jirani, aziombee kwa majina na kuziangalia mioshi. Mvua haikunyesha juma lile, wala mwezi ule. Hatutaki mtu afikiri tulipata njia ya kumlazimisha Mungu. Lakini maombi yaliamka. Watu walianza kurudi siku ya Alhamisi, kwa sababu sasa walikuwa na majina ya kuleta.

Jambo la nne: kukesha ni kulitazamia jibu, hata likikawia. Nabii Habakuki alimlilia Mungu, kisha akapanda mnarani pake kuangalia atajibiwa nini. Wakulima wetu wanaijua kazi hiyo. Mtu huketi juu ya dungu shambani akiwalinda ndege na nyani, naye hulinda tangu mazao ni mabichi, siku nyingi kabla ya kuvuna.

Kanisa letu hapa Kenya lina mlinzi wa namna hiyo katika historia yake. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1846. Huko alimkuta Ludwig Krapf, aliyemzika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Wawili hao wakaanza kazi Rabai. Mwaka 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na alipoandika habari hiyo, wataalamu wengine wa Ulaya walimcheka. Krapf alipoondoka kwa sababu ya afya, Rebmann alibaki. Mwaka 1866 mkewe alifariki. Macho yake yakaanza kupofuka. Waliobatizwa walikuwa wachache sana, hata mtu angeweza kuwataja wote bila kuvuta pumzi mara mbili. Hata hivyo alishika zamu yake, akiomba, akifundisha, na kukusanya maneno ya lugha za watu. Kamusi yake ya Kiniassa ilichapwa mwaka 1877, yeye akiwa amekwisha kufa.

Alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu kabisa, na mwaka uliofuata akalala katika Bwana. Je, jibu lilikuja? Lilikuja, na lilipitia kwa watu ambao hakuna aliyewatazamia. Waafrika waliotekwa utumwani, wakaokolewa baharini na kulelewa Nasik huko Bara Hindi, walirudi pwani yetu tangu mwaka 1864 kusaidia kazi ya Rabai. Mwaka 1885 wawili miongoni mwao, William Jones na Ishmael Semler, walifanywa mashemasi na Askofu Hannington. Rebmann hakuiona siku hiyo. Lakini sisi tulioiona ibada ikiongozwa na watu wetu katika kila kona ya nchi, tumevuna shamba lililolindwa na mlinzi asiyeona.

Basi, msikilizaji mpendwa, labda zamu yako ya leo ni ngumu. Labda umeomba mpaka ulimi umekauka, na huzuni inakuvuta ulale. Twakusihi ufanye mambo madogo matatu. Asubuhi ya leo, shika zamu yako, hata ikiwa fupi. Kabla jua halijatua, mwambie mtu mmoja unayemwamini shida yako ilivyo, akeshe pamoja nawe. Na kesho alfajiri, kabla hujajiombea, tazama nje. Hesabu mioshi ya majirani, au kama unakaa mjini ambako hakuna moshi, itazame milango iliyo karibu na wako. Shukuru kwa kila mmoja uliofunguka. Na ukiona mmoja uliofungwa muda mrefu, usiseme amina mpaka umeubisha.

Natuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe huchoki wala hulali. Utusamehe sisi tulioomba huku tumefumba macho tusimwone ndugu yetu. Waamshe waliolala kwa huzuni, na uwape rafiki wa kukesha nao. Uwakumbuke wanaongoja mvua, wanaongoja dawa, na wanaongoja mtoto arudi nyumbani. Utupe kushika zamu yetu kwa shukrani, hata utakapokuja kwetu, iwe mapema au karibu na asubuhi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.